Haki ya Kumwona Mtoto ni ya Nani?

Ndoa inapovunjika Lamu, iwe Mkomani au Langoni, swali la kwanza huwa watoto watakaa na nani, na la pili huwa mzazi wa pili atawaona lini. Mara nyingi mambo haya humalizwa nyumbani mbele ya wazee wa pande mbili, na humalizwa vizuri: mtoto hushinda kwa babake siku ya Ijumaa, hulala kwa nyanyake wakati wa likizo, na siku ya Idi hupelekwa kote kuwili. Makala haya hayazihusu familia hizo. Yanazihusu zile ambazo mzazi mmoja, au mtu anayeishi na mzazi huyo, amemuumiza mtoto, amemwingilia, anamtisha, au amekuwa akimpiga mamake mbele ya macho yake, na sasa mzazi huyo anadai haki ya kumwona mwanawe.

Jibu fupi ni kwamba mahakama inaweza kumzuia, na ina njia nyingi za kumzuia bila ya kukata uhusiano wote. Jibu refu ndilo linalowatatiza watu, na ndilo ninalotaka kulifungua hapa, kwa sababu nimeona jinsi maneno ya barazani yanavyomfanya mama anyamaze wakati angeweza kusikilizwa, na jinsi maneno hayo hayo yanavyomfanya baba asiye na kosa aamini kwamba sheria imekwisha kumhukumu.

Mkanganyiko mwingi unaanzia kwenye majina ya vitu. Tunasema "kunyang'anywa mtoto" kwa mambo matatu ambayo sheria inayatenganisha. La kwanza ni jukumu la mzazi, yaani jumla ya wajibu na mamlaka aliyonayo juu ya mtoto: kumlisha, kumsomesha, kumtibu, kumlea katika dini, kumlindia mali yake. La pili ni ulezi wa kila siku, yaani mtoto analala wapi na nani anayemwamsha kwenda shule na chuoni, yaani madrasa. La tatu ni kutembeleana, yaani muda ambao mtoto anakuwa na mzazi asiyekaa naye. Mzazi anaweza kukosa la pili akabaki na la kwanza na la tatu. Na mahakama inaweza kulibana la tatu ilhali la kwanza liko pale pale, hivi kwamba baba aliyezuiwa kumtembelea mtoto bado anadaiwa karo na matibabu yake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 53, inasema kila mtoto ana haki ya kupata matunzo na ulinzi wa wazazi, na kwamba mama na baba wana wajibu sawa juu yake, wawe wameoana au hawakuoana. Ibara hiyo hiyo inampa mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa na ukatili wa kila namna, kisha inamalizia kwa kusema kwamba maslahi bora ya mtoto ndiyo yenye uzito wa juu kabisa katika kila jambo linalomhusu. Neno "sawa" ndilo linalosomwa vibaya kuliko yote. Wapo wanaoamini kwamba Katiba imeamuru siku za wiki zigawanywe nusu kwa nusu. Katiba haikugawanya siku; iligawanya wajibu, na mzigo wa kumlinda mtoto ukaukabidhi kwa wote wawili, kwa hiyo mzazi anayemdhuru mwanawe hawezi kuutumia usawa huo kama ufunguo wa kumfikia.

Hapo ndipo linapoingia swali la kichwa cha makala haya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 9 kwamba mtoto aliyetengana na mzazi ana haki ya kuendelea kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale ambapo jambo hilo linapingana na maslahi bora ya mtoto. Mwenye haki katika sentensi hiyo ni mtoto. Mzazi ananufaika nayo, anaifurahia, anaweza hata kuidai mahakamani, lakini haki yenyewe imewekwa kwa faida ya mtoto, na inapogeuka kuwa njia ya kumdhuru inakoma kuwa haki. Ukilishika jambo hili moja, karibu kila amri ya mahakama inayoonekana ya ajabu inaanza kueleweka.

Wapo watakaosema kwamba fikira hii ni ya wageni na kwamba sisi watu wa pwani tunajua mtoto ni wa babake. Kwa nasaba ni kweli, na hakuna mahakama inayoifuta nasaba. Lakini fikihi ambayo Waislamu wengi wa pwani wanaifuata, ile ya madhehebu ya Shafi, imeitenganisha kwa muda mrefu nasaba na hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto, na mwenye kulea imemwekea masharti, yakiwemo akili timamu na uaminifu. Aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara inakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe na baba kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na kuna hadithi mashuhuri isemayo kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Sioni jinsi mtu anavyoweza kuyasoma maneno hayo kisha akadai kwamba dini inamlazimisha mtoto kurudi kila Ijumaa kwenye nyumba anayopigwa.

Sheria inayofanya kazi hii kila siku nchini Kenya ni Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2001. Sheria hii imeipanua maana ya dhuluma ikaingiza madhara ya mwili, ya kingono na ya kiakili, hata yale yanayofanywa kwa njia ya intaneti, na imeyaweka mashauri ya ulezi, matunzo na ulinzi mbele ya Mahakama ya Watoto, ambayo kwa kawaida ni hakimu aliyeteuliwa kusikiliza mambo ya watoto katika mahakama hizi hizi tunazozijua. Shauri husikilizwa faraghani, na jina la mtoto halitangazwi. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu katika mji mdogo hofu ya aibu huwa kubwa kuliko hofu ya hakimu, na familia nyingi hunyamaza zikidhani kwamba habari zitasomwa mbele ya umati.

Kipimo cha kuzuia hakina umbo moja. Hakimu anaweza kumruhusu mzazi amwone mtoto mchana tu bila kulala naye; anaweza kupataja mahali pa kuonana, na kupataja kwa jina; anaweza kuagiza mtu wa tatu akabidhi na kupokea mtoto ili wazazi wasikutane; anaweza kuamuru msimamizi awepo tangu mwanzo hadi mwisho; anaweza kuruhusu simu peke yake; anaweza kusimamisha matembezi kwa miezi kadhaa mpaka ripoti ya afisa wa watoto ipatikane; na dhuluma ikiwa nzito, anaweza kukataza mawasiliano yote. Anaweza pia kuamuru mtu mwenye ukatili atoke kwenye nyumba anamoishi mtoto au asiikaribie. Huko Malindi, ambako wapo watoto wengi wenye mzazi mmoja aliyetoka Ulaya, amri hizi mara nyingine huongezwa sharti kwamba pasipoti ya mtoto ihifadhiwe na asitolewe nchini bila ruhusa ya mahakama.

Kati ya njia hizi zote, ile ya usimamizi ndiyo inayotumiwa sana na ndiyo inayoharibika kwa urahisi zaidi. Uingereza na Australia zina vituo maalumu ambako mzazi huonana na mwanawe mbele ya wafanyakazi waliofundishwa. Kwetu kazi hiyo huangukia ofisi ya watoto, au shule, au mara nyingi nyumba ya jamaa. Jamaa huyo akiwa ni mama wa mtuhumiwa, usimamizi umekufa kabla haujaanza, kwa sababu bibi anayempenda mwanawe na asiyeamini kabisa kwamba angeweza kufanya jambo hilo hataona haja ya kukaa naye chumba kimoja. Atakwenda jikoni kumpikia mgeni wake. Msimamizi anayefaa ni yule anayekubali kwamba madhara yanawezekana, anayejua anazuia nini, na anayeruhusiwa kuyakatiza matembezi papo hapo bila kuomba radhi kwa mtu.

Jiografia nayo ina kauli yake. Tuseme mama anaishi Langoni na baba anaishi Faza, kisiwani Pate, na amri inasema baba atakuwa na mtoto kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri, kwake, shangazi wa mtoto akiwepo. Karatasini amri hiyo inaonekana imetimia. Lakini vyombo vya kwenda Pate na Faza hupita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, na maji yakitoka safari hukwama mpaka yajae tena. Siku ambayo maji hayakubaliani na saa ya mahakama, mtoto hulala Faza, shangazi anarudi kwa mumewe, na usiku ambao amri nzima iliandikwa ili kuuzuia unapita bila msimamizi. Hakuna aliyeivunja amri kwa ubaya, na bado mtoto amekuwa peke yake na mtu aliyeogopewa. Anayeomba amri ya namna hii katika visiwa hivi anapaswa kumweleza hakimu habari za maji na za usafiri waziwazi, na kuomba kwamba mzazi anayetembelea ndiye asafiri, kwamba kuonana kuwe Amu penyewe, yaani mjini Lamu, mchana, mahali panapofahamika, na kwamba iandikwe wazi mtoto asivuke maji.

Sasa tuje kwenye fundo gumu kuliko yote, nalo ni ushahidi. Malalamiko ninayoyasikia sana ni haya: "Polisi walimwachilia, kwa hivyo hana kosa, kwa hivyo lazima apewe mtoto." Ndani ya sentensi hiyo kuna hatua mbili ambazo sheria haizikubali. Kesi ya jinai inataka kosa lithibitishwe pasipo shaka yoyote ya maana, kwa sababu mwisho wake ni jela. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake kunaadhibiwa kwa kifungo cha maisha. Shauri la ulezi na matembezi halimpeleki mtu jela. Hakimu wa watoto anauliza lipi lina uwezekano mkubwa zaidi kuwa kweli, na kisha anauliza kitu kingine ambacho mahakama ya jinai haikiulizi hata kidogo: mtoto huyu atakuwa salama kesho? Kwa hiyo mtu anaweza kuachiliwa katika kesi ya jinai kwa sababu ushahidi haukufika kiwango cha juu, na bado mahakama ya watoto ikaona kwamba yapo ya kutosha kuagiza asionane na mtoto bila msimamizi. Hukumu hizo mbili hazipingani. Zinajibu maswali mawili.

Kinyume chake pia ni kweli, na ni lazima kisemwe. Tuhuma peke yake haitoshi kumtenganisha mtoto na mzazi kwa miaka. Mahakama inapopelekewa ombi la dharura, inaweza kutoa amri ya muda bila kumsikiliza upande wa pili, kwa sababu mtoto hawezi kungoja. Lakini amri hiyo inapaswa kuwa fupi, na mzazi aliyezuiwa anapaswa kuitwa, kupewa nakala ya madai, kujibu na kuleta mashahidi wake. Kasoro ninayoiona kubwa ni ucheleweshaji. Amri ya wiki mbili inayogeuka mwaka mzima kwa sababu ripoti haijaandikwa au faili haijasomwa inamuumiza baba aliyesingiziwa, na inamuumiza zaidi mtoto ambaye kwa umri wake mwaka mmoja ni sehemu kubwa ya maisha. Anayetaka sheria hizi ziheshimiwe lazima atake pia ziende haraka.

Kusingiziwa kupo. Talaka huzaa uchungu, na uchungu huweza kumfanya mtu aseme asiyoyajua. Lakini kutokana na ukweli huo mdogo limezuka dai kubwa, kwamba kila mtoto anayekataa kwenda kwa babake amejazwa maneno na mamake. Dai hilo lilipewa jina la kitaalamu, "parental alienation", Marekani katika miaka ya 1980 na likasambaa katika mahakama za nchi nyingi, likitumika dhidi ya akina mama waliokuja kushtaki ukatili. Mwaka 2023 Reem Alsalem, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, alitoa ripoti akizitaka nchi zikataze matumizi ya dhana hiyo katika mashauri ya familia. Mtoto anayekataa anaweza kuwa na sababu nyingi: ameumizwa, amemwona mamake akiumizwa, au kweli amefundishwa. Kazi ya mahakama ni kuchunguza ni ipi kati ya hizo, na uchunguzi hauwezi kuanza kwa jibu.

Nchi nyingine zimejifunza haya kwa gharama ya kutisha. Nchini Hispania mama mmoja, baada ya kumkimbia mumewe, alipeleka mashtaka zaidi ya 30 kwa vyombo vya dola akisema kwamba mtu huyo ni hatari. Mwanzoni matembezi yake na binti yao yalisimamiwa. Baadaye mahakama iliondoa usimamizi, kwa imani kwamba uhusiano wa baba na mtoto lazima urudi katika hali ya kawaida. Mwaka 2003, katika mojawapo ya matembezi hayo, baba alimuua mtoto wa miaka saba kisha akajiua. Mwaka 2014 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Hispania ilishindwa katika wajibu wake, na mwaka 2021 nchi hiyo iliibadilisha Sheria yake ya Madai ili mzazi anayeshtakiwa kwa ukatili dhidi ya mwenziwe au watoto asipewe matembezi, na kama alikuwa nayo yasimamishwe, isipokuwa hakimu atoe sababu maalumu zinazotokana na maslahi ya mtoto.

Yafaa kuangalia kosa lilikuwa wapi. Usimamizi uliondolewa kwa imani hiyo tu, wala si kwa sababu baba alikuwa amebadilika. Kosa hilo hilo limejirudia kwingine. Marekani, jimboni Pennsylvania, mtoto aliyeitwa Kayden, mwenye miaka saba, aliuawa na babake mwaka 2018 wakati wa matembezi yaliyoruhusiwa na mahakama; sheria inayobeba jina lake iliingizwa katika sheria ya taifa zima mwaka 2022, na jimbo lenyewe likapitisha yake mwaka 2024. Australia iliweka mwaka 2006 dhana kwamba wazazi wagawane mamlaka sawa juu ya mtoto, ikaja kuifuta kuanzia Mei 2024 kwa sababu watu waliielewa kama amri ya kugawana muda. England na Wales ziliweka mwaka 2014 kanuni ya kuchukulia kwamba ushiriki wa wazazi wote wawili humfaa mtoto, na Oktoba 2025 serikali ikatangaza kwamba itaiondoa. Karibu na sisi, Afrika Kusini imempa hakimu tangu mwaka 1998, katika sheria yake ya ukatili wa nyumbani, uwezo wa kumkatalia mshtakiwa kumwona mtoto au kumwekea masharti. Kenya haikuwahi kuandika kwamba muda ugawanywe sawa, na naona ni heri ibaki hivyo, ijapokuwa wapo wanaolidai jambo hilo kila mwaka.

Swali jingine linaloulizwa sana Lamu ni kama uende kwa Kadhi au kwa Mahakama ya Watoto. Ibara ya 170 ya Katiba inaipa Mahakama ya Kadhi maswali ya sheria ya Kiislamu kuhusu hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kusikilizwa huko. Malezi ya mtoto hayakutajwa kwa jina, na ndiyo maana mawakili wamebishana kama yanaingia ndani ya talaka au yanasimama peke yake. Kwa familia isiyo na ukatili, kumaliza talaka na mpango wa watoto pamoja mbele ya Kadhi kuna faida yake: ni karibu, lugha ni yetu, na wahusika wanaiheshimu hukumu. Palipo na tuhuma za kumdhuru mtoto, kwa maoni yangu ni bora kuanzia Mahakama ya Watoto, kwa sababu huko ndiko kwenye zana zote nilizozitaja na uhusiano wa moja kwa moja na afisa wa watoto. Talaka inaweza kuendelea kwa Kadhi wakati huo huo. Na iwe mahakama ipi, Ibara ya 53 inaifunga.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, ambayo inamwezesha mtu anayepigwa au kutishwa nyumbani kuomba amri ya ulinzi, na mtoto anaweza kuingizwa humo. Kuivunja amri hiyo ni kosa la jinai, na askari hahitaji kungoja shauri la ulezi liishe ndipo achukue hatua.

Basi sulhu ina nafasi gani? Ina nafasi kubwa katika mambo ya siku, saa, karo na nguo za Idi. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 159, inahimiza upatanishi, kisha inaweka mpaka kwamba njia za kimila zisitumiwe kwa namna inayovunja haki za binadamu. Kosa la kumnajisi mtoto halina bei, na wazee hawana mamlaka ya kulifunga kwa ng'ombe, kwa fedha, au kwa kiapo kwamba halitarudiwa. Sheria ya Makosa ya Kingono imeitoa mikononi mwa familia hata ile ruhusa ya kuiondoa kesi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingi ni huyo huyo wa nguoni ambaye kikao kinaitishwa kumhifadhi. Nimewaheshimu wazee maisha yangu yote, na kwa heshima hiyo nasema kikao cha namna hii kinamwacha mtoto bila mtetezi, kwa kuwa kila aliyeketi pale ana udugu wa kuuchunga isipokuwa yeye, ambaye hata hakuitwa.

Mtoto kusikilizwa ni haki, na ina adabu zake. Akisema jambo, andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe, kisha acha kumhoji. Kumuuliza mara kumi, kila jamaa kwa zamu yake, humfanya abadilishe simulizi ili kuwaridhisha wakubwa, na baadaye wakili wa upande wa pili atalitumia jambo hilo, na atakuwa na haki ya kulitumia. Kama kuna uwezekano ameingiliwa, apelekwe hospitali mara moja, na isizidi saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hazifanyi kazi baada ya hapo. Asioshwe kabla ya kuonwa na daktari, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi bila kufuliwa. Matibabu hayo hutolewa bure katika hospitali za umma. Kituo cha polisi, hasa kwenye dawati la jinsia, watatoa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na fomu ya P3 ya kujazwa na daktari. Simu ya 116 ni ya bure na hupokea habari za watoto nchini kote. Karatasi hizi zote ndizo zitakazoambatanishwa na hati ya kiapo kuombea amri ya muda, na asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Ushahidi wa mwalimu nao una uzito kuliko watu wanavyodhani: mwalimu wa shule au wa chuo aliyeona kwamba mtoto huanza kulia kila Alhamisi jioni hana ugomvi na mtu.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Masurufu si nauli ya kumwona mtoto. Baba aliyezuiwa hawezi kuacha kutoa matunzo kwa hoja kwamba haruhusiwi kumwona mwanawe, na mama hawezi kumfungia mtoto kwa sababu tu fedha za mwezi hazikuja. Mama aliye na amri ya mahakama inayomtaka ampeleke mtoto, na ambaye sasa anaogopa kumpeleka, yuko katika hali ngumu kuliko zote, kwa kuwa akikaidi kimya kimya anaweza kushtakiwa kwa kudharau mahakama. Njia yake ni kurudi mbele ya hakimu haraka, ikiwezekana siku ile ile, aombe amri ibadilishwe au isimamishwe, na wakati huo amjulishe afisa wa watoto kwa maandishi.

Nimemtaja baba mara nyingi kwa sababu ndivyo mashauri mengi yanavyokuja, lakini sheria haichagui jinsia. Mama anaweza kuzuiwa, na baba anayelea anaweza kuomba kwamba mtoto asilale kwa mamake kwa sababu ya mume mpya au mjomba aliye nyumbani humo. Katika hali hiyo mara nyingi mahakama haimzuii mzazi mwenyewe. Inaizuia nyumba, au inamzuia mtu yule mmoja asiwepo wakati mtoto yupo.

Na kizuizi kinaweza kuondolewa. Amri za watoto hazifungwi milele, na mzazi yeyote anaweza kuomba zipitiwe upya hali inapobadilika. Kinachotazamwa ni kilichofanyika: kama aliacha ulevi au mihadarati na kuna ushahidi wa kituo cha tiba, kama alihudhuria ushauri nasaha, kama matembezi yaliyosimamiwa yalikwenda bila tatizo na msimamizi ameandika hivyo, kama mtoto mwenyewe, akiulizwa peke yake na mtu mwenye ujuzi, anaonyesha utulivu au bado anatetemeka. Mahakama ikiridhika, hurudisha kidogo kidogo: kwanza saa mbili ofisini kwa afisa wa watoto, kisha mchana mzima na msimamizi, kisha mchana bila msimamizi, na kulala huja mwisho kabisa, baada ya mtoto kuulizwa tena.